Kubisha Hodi Katika Milango Mingi: Namna ya Kuomba Nafasi za Shahada ya Uzamivu kwa Busara na Uaminifu

Si jambo geni tena katika vigango vyetu vya Korogwe na Handeni kumkuta kijana wa Mkumbara, Mombo au Mkata akiwa mwaka wa mwisho wa masomo ya sayansi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, au katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela jijini Arusha. Miongoni mwao wapo ambao walimu wao wamewashauri wasiishie hapo, bali waombe nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu. Hapo ndipo maswali yanapoanza, kwa kijana mwenyewe na kwa wazazi wake.

Swali moja hurudi mara kwa mara: je, ni halali kijana kuomba nafasi katika vyuo vitano au vinane kwa wakati mmoja? Mzee mmoja atasema ni tamaa, kwani mshika mbili moja humponyoka. Mwingine ataona ni udanganyifu, maana kila barua humwambia kila chuo kwamba ndicho kinachotamaniwa. Vijana nao hugawanyika. Wapo wanaoomba nafasi moja tu na kukaa wakisubiri, na wapo wanaotuma barua ile ile mahali hamsini bila kuisoma upya. Katika makala hii tunapenda kueleza kwamba kuomba nafasi nyingi si kosa, tena ni busara, ila kunadai uaminifu wa aina mbili: kila ombi liwe la kweli, na neno la kukubali litolewe mara moja tu.

Uzamivu ni nini, nao unatuhusu vipi

Katika lugha yetu ya pwani, mzamivu ni yule mpiga mbizi hodari anayeshuka chini ya bahari kutafuta lulu. Waliochagua neno uzamivu kwa ajili ya shahada hii walichagua vema. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hujifunza yale ambayo wengine wamekwisha kuyajua. Wa shahada ya uzamili huingia ndani zaidi katika sehemu moja ya elimu hiyo. Mzamivu hushuka mahali ambapo hakuna aliyefika, akarudi na kitu ambacho hakikuwapo katika vitabu. Kazi hiyo huchukua miaka mitatu, minne, na katika nchi nyingine mitano au sita, chini ya msimamizi mmoja au wawili, na huishia katika tasnifu inayotetewa mbele ya wataalamu.

Mambo haya hayako mbali nasi kama tunavyodhani. Katika milima ya Usambara, kituo cha utafiti cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Korogwe kwenyewe, watafiti wa NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, walishiriki katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, lililoanza mwaka 2009 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Hapa Tanzania vituo vilikuwa viwili, Korogwe na Bagamoyo. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wanaoishi katika maeneo yenye malaria. Watoto wa vijiji vyetu walikuwa sehemu ya habari hiyo. Ni jambo la haki, basi, kutamani kwamba baadhi ya watu watakaouliza maswali ya utafiti ujao wawe wamezaliwa katika vijiji hivyo hivyo, wanaoijua homa ya mtoto usiku na umbali wa kuifikia zahanati.

Kwa nini mlango mmoja hautoshi

Nafasi ya uzamivu haifanani na nafasi ya shahada ya kwanza, ambapo chuo hupokea mamia ya wanafunzi kwa mkupuo. Mara nyingi ni nafasi ya mtu mmoja, katika maabara moja, kwa fedha za mradi mmoja. Mwombaji anaweza kuwa mzuri kabisa na bado akakosa, kwa sababu ambazo hazimhusu: msimamizi amehama, fedha za mradi zimechelewa, au mwombaji mwingine alikwisha kufanya kazi na mdudu yule yule anayechunguzwa.

Maisha ya Profesa Wangari Maathai wa Kenya yanatufundisha jambo hili vizuri. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1964 katika chuo cha Mount St. Scholastica kilichoendeshwa na masista Wabenediktini huko Kansas, Marekani, kisha akasoma shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Mwaka 1966 alirudi nyumbani akiwa ameteuliwa kuwa msaidizi wa utafiti wa profesa wa zoolojia mjini Nairobi. Alipofika kuanza kazi, aliambiwa nafasi hiyo amepewa mtu mwingine. Alitafuta kazi kwa miezi miwili, hadi profesa mmoja Mjerumani, Reinhold Hofmann, alipompokea katika idara mpya ya anatomia ya mifugo. Profesa huyo ndiye aliyemhimiza kwenda Ujerumani kusomea uzamivu, akasoma Giessen na Munich. Alirudi Nairobi mwaka 1969, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata shahada hiyo. Somo alilolipatia shahada halikuwa lile aliloahidiwa kazi. Laiti angeushikilia mlango wa kwanza uliofungwa, huenda tusingelisikia jina lake.

Kuhusu methali ya mshika mbili, tunawaheshimu wazee waliotuachia, lakini tuitumie mahali pake. Methali inasema juu ya kushika, na kuomba si kushika. Kuomba ni kubisha hodi. Msafiri aliyefikiwa na usiku katika kijiji kigeni anaweza kubisha hodi nyumba ya kwanza, ya pili na ya tatu bila kumkosea mtu. Kosa huanza pale anapokaribishwa katika nyumba mbili, akatandikiwa vitanda viwili, na kumwacha mwenyeji mmoja akiwa amekesha na taa.

Ngazi za kupitia

Kabla ya kuomba popote, kijana ajue kwamba nchi hazifanani katika masharti. Hapa Tanzania, na katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki, anayeomba uzamivu hutakiwa kuwa na shahada ya uzamili. Ndivyo ilivyo pia kwa kawaida Ujerumani, Sweden na Uholanzi. Kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza anayetazama huko atafute kwanza nafasi ya uzamili, na yule wa mwaka wa mwisho wa uzamili ndiye aombe uzamivu.

Marekani utaratibu ni tofauti. Vyuo vingi vya huko humpokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja katika masomo ya uzamivu, ambayo huwa marefu zaidi kwa kuwa miaka ya mwanzo huwa na vipindi vya darasani. Uingereza nako mwenye daraja la juu la shahada ya kwanza huweza kupokelewa katika baadhi ya nafasi za sayansi, ingawa mwenye uzamili huwa na nguvu zaidi.

Tofauti nyingine ni ya fedha. Sweden na Uholanzi mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa wa chuo, anayelipwa mshahara na kukatwa kodi, na nafasi hutangazwa kama kazi, wakati wowote wa mwaka. Marekani, katika masomo ya sayansi, wanaopokelewa mara nyingi husamehewa ada na kupewa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Kwingine chuo humpokea mwanafunzi lakini ufadhili huutafuta mwenyewe, kama vile ule wa Jumuiya ya Madola kwa masomo ya Uingereza, au wa DAAD ya Ujerumani, ambayo hufadhili pia masomo katika vyuo vya Afrika Mashariki. Kwa wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea lipo shirika la OWSD lenye makao yake Trieste, Italia, na kwa wanaopenda elimu ya wadudu kipo kituo cha icipe jijini Nairobi. Kijana atofautishe barua mbili: barua ya kupokelewa na barua ya ufadhili. Ya kwanza bila ya pili ni heshima, lakini haimfikishi mtu darasani.

Tunashauri, basi, kwamba maombi yagawanywe katika mafungu matatu: ya nyumbani, ya nchi jirani, na ya ng'ambo. Maombi matano hadi manane yaliyoandaliwa vizuri ni mzigo wa kutosha kwa mtu ambaye bado ana mitihani na mradi wa mwaka wa mwisho.

Kalenda isiyongoja

Wengi hukosa nafasi kwa kuchelewa tu. Vijana wetu humaliza mitihani katikati ya mwaka na kuhudhuria mahafali kuelekea mwisho wa mwaka, nao hudhani kwamba wakati wa kuomba ni baada ya kuvaa joho. Lakini vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi Desemba au mwanzoni mwa Januari kwa ajili ya masomo yatakayoanza Agosti au Septemba inayofuata. Nafasi nyingi za Uingereza zenye ufadhili hufungwa kati ya Oktoba na Januari. Anayetaka kuondoka mara baada ya kumaliza lazima aanze kutafuta tangu muhula wa kwanza wa mwaka wa mwisho, akitumia nakala ya matokeo ya muda inayotolewa na chuo chake.

Saa nazo zina mtego. Tangazo la Ujerumani likisema mwisho ni saa 23:59 mwezi Desemba, kwetu ni saa 7 na dakika 59 usiku. Likitoka mashariki mwa Marekani wakati huo huo wa mwaka, kwetu ni saa 1 na dakika 59 asubuhi ya siku inayofuata. Hata hivyo asiwepo wa kuzitegemea dakika hizo. Umeme ukikatika jioni ile, au kifurushi cha simu kikiisha huku faili la mwisho likipanda, kazi ya miezi mitatu imepotea. Ombi litumwe angalau siku tano kabla.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana afungue daftari, au jedwali katika kompyuta, na kila nafasi aiwekee mstari wake: jina la chuo na idara, msimamizi anayeombwa, siku ya mwisho, nyaraka zinazotakiwa, wadhamini waliotajwa, siku ombi lilipotumwa, na jibu lililokuja. Bila kumbukumbu hiyo, ipo siku atampelekea profesa wa chuo kimoja barua yenye jina la chuo kingine, na barua ya namna hiyo haisomwi hadi mwisho.

Kila barua iwe na uso wake

Hapa ndipo swali la ukweli linapoingia. Kuviandikia vyuo vinane kwamba unavitamani vyote si uongo, ikiwa kweli umevichunguza vyote vinane na ungefurahi kwenda chochote kati yake. Unakuwa uongo pale unapomwandikia mtu kwamba umevutiwa na utafiti wake ilhali hujausoma hata ukurasa mmoja. Kipimo chetu ni chepesi: kama barua inaweza kumfaa profesa wa samaki na profesa wa nyota bila kubadilisha neno, barua hiyo haijaandikwa kwa mtu yeyote.

Tutoe mfano. Kijana mmoja anaandika: "Mheshimiwa Profesa, mimi ni mwanafunzi mwenye bidii, ninavutiwa sana na kazi yako, naomba nafasi katika maabara yako." Mwingine anaandika: "Katika mradi wangu wa mwaka wa mwisho nilihesabu viluwiluwi vya mbu kwa wiki kumi katika mifereji ya shamba la mpunga. Niliwakuta wengi zaidi mahali maji yalipotuama baada ya mavuno. Katika makala yako juu ya kina cha maji umeeleza kwamba mbu hupungua maji yanapokauka kwa zamu, nami najiuliza kama utaratibu huo ungewezekana kwa wakulima wadogo wasiomiliki mifereji." Barua ya pili haina sifa hata moja ya mwandishi wake, wala haina maneno ya kubembeleza, lakini msomaji anamwona mtu anayeona, anayehesabu na anayeuliza.

Kijana asidharau swali lake kwa kuwa limetoka jikoni au shambani. Mwaka 1963 mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba, aliona kwamba mchanganyiko wa maziwa alioutia katika friji ukiwa bado moto uliganda kabla ya ule uliokuwa umepozwa. Alipouliza alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimwuliza swali lile lile Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, naye hakucheka bali alikwenda kulijaribu. Mwaka 1969 waliandika makala pamoja, na wanasayansi wa dunia wanaendelea kubishana juu ya jambo hilo hadi leo, wakilitaja kwa jina la Mpemba.

Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazoweza kuandika barua nzima kwa nusu dakika. Zinaweza kusaidia kusahihisha Kiingereza, lakini haziwezi kujua ulichokiona katika mfereji. Anayeziachia kazi yote huishia na barua inayofanana na za wenzake mia, na akiitwa kwenye usaili hawezi kuyatetea maneno yasiyo yake.

Ajihadhari pia na mambo mawili madogo. Kwanza, asiwaandikie maprofesa wawili wa idara moja kila mmoja akidhani ndiye pekee. Wenyewe huzungumza, na ni afadhali kuwaeleza wote wawili mapema. Pili, akiulizwa kama ameomba kwingine, ajibu kweli. Hakuna msimamizi mwenye akili anayeshangaa kusikia ndiyo.

Wadhamini na mzigo wao

Nafasi nyingi hudai barua za mapendekezo za walimu wawili au watatu. Anayeomba nafasi nane kwa wadhamini watatu amewapa watu watatu kazi ya kutuma barua ishirini na nne, kila moja katika tovuti yenye masharti yake. Walimu hao wana madarasa, mitihani ya kusahihisha na familia. Heshima inadai waombwe angalau mwezi mmoja kabla, kwa kwenda ofisini au kwa ujumbe wa adabu, kisha wapewe orodha moja ya nafasi zote pamoja na tarehe zake, wasifu wa mwanafunzi, matokeo, na maelezo mafupi ya mradi alioufanya. Wakumbushwe wiki moja kabla, na washukuriwe jibu likija, hata likiwa la kukataliwa.

Mwalimu anayejua kazi ya mwanafunzi kwa karibu ni bora kuliko mwenye cheo kikubwa asiyemkumbuka. Na jambo moja tulitamke bila kuficha: kujiandikia barua na kuweka saini ya mwalimu asiyejua ni kughushi. Haibadiliki kuwa jambo jema kwa kuwa lengo ni masomo. Likigundulika, humpotezea kijana nafasi, na huwaachia wenzake wa chuo kile shaka wasiyoistahili.

Nyaraka, fedha na matapeli

Katika vijiji vyetu tatizo la majina ni kubwa kuliko tunavyokiri. Jina la ubatizo liko katika cheti cha parokia, jina jingine katika cheti cha kuzaliwa, la babu limeingia katika kitambulisho cha Taifa, na cheti cha kidato cha nne kimeacha herufi moja. Kwa chuo cha ng'ambo hao ni watu wanne. Majina yasawazishwe mapema, kwa hati ya kiapo inapobidi, kabla ya kuomba hati ya kusafiria, kwa kuwa marekebisho hayo huchukua wiki na wakati mwingine miezi.

Katika matokeo, mwombaji aandike kipimo pamoja na alama. Kwetu wastani hupimwa kwa 5, na daraja la kwanza huanzia 4.4, Marekani wastani wa juu ni 4. Aliyepata 3.8 aandike kwamba ni 3.8 kati ya 5, asijigeuzie mwenyewe wala asinyamaze ili adhaniwe kuwa na zaidi. Kuhusu lugha, mitihani kama IELTS na TOEFL hugharimu fedha nyingi, na vyuo vingine hukubali badala yake barua inayothibitisha kwamba masomo yalitolewa kwa Kiingereza. Aulize kabla ya kulipa.

Ada ya maombi nayo ihesabiwe. Vyuo vingi vya Marekani hutoza, na mara nyingi kiasi huzidi dola 50. Vyuo sita vikitoza dola 75 kila kimoja, jumla ni dola 450, fedha ambazo familia nyingi za wakulima wa mahindi hazina. Lakini vyuo vingi pia humsamehe mwombaji anayeeleza hali yake kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho, na nafasi zinazotangazwa kama ajira katika vyuo vya Ulaya kwa kawaida hazina ada ya maombi. Mzazi asiuze ng'ombe wala shamba kabla kijana hajauliza jambo hili.

Zaidi ya hayo, wako matapeli wanaoishi kwa matumaini ya watu. Dalili zao zinajulikana: huahidi nafasi ya hakika, hudai fedha zitumwe kwa namba ya simu ya mtu binafsi, huharakisha, na huandika kutoka anwani isiyo ya chuo. Chuo cha kweli hakiuzi nafasi ya uzamivu kwa wakala. Barua yoyote ya ufadhili ithibitishwe kupitia tovuti ya chuo chenyewe, na kwa swali la kama shahada ya chuo fulani itatambuliwa nchini, aulizwe Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, familia imwonyeshe mwalimu barua hiyo.

Ndiyo iwe moja

Siku ikifika majibu mawili ya kukubaliwa yakawa mezani, kijana atulie. Ana haki ya kuomba muda, na ana haki ya kuuliza: fedha zitadumu miaka mingapi, je, zinagusa ada, bima, nauli na gharama za utafiti, msimamizi ana wanafunzi wangapi na waliotangulia wamemaliza, je, yapo masharti ya kurudi nchini? Awaandikie wanafunzi wa maabara ile awaulize hali halisi. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kupitia baraza lao kwamba mwombaji asilazimishwe kujibu kabla ya Aprili 15 kuhusu ufadhili aliopewa, ili apate nafasi ya kulinganisha.

Lakini akishasema ndiyo, ahadi ni deni. Siku hiyo hiyo, au katika siku chache, aviandikie vyuo vyote vingine, hata vile ambavyo havijajibu, kwamba anajiondoa na anashukuru. Barua hiyo ina mistari mitatu tu, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Asiyeiandika anaishikilia nafasi ambayo mtu mwingine anaisubiri, pengine kijana mwenzake wa Handeni ambaye jina lake ni la pili katika orodha. Na anayekubali mahali pawili kwa siri, akaacha kimoja wiki moja kabla ya masomo, anaivuruga kazi ya watu waliokwisha kutenga fedha na meza kwa ajili yake. Msimamizi aliyetendewa hivyo na mwanafunzi wa chuo chetu atasita atakapoona barua nyingine kutoka chuo hicho hicho. Atakayelipa deni ni mdogo wake aliyeko nyuma.

Kwa wazazi, na kwa atakayekosa

Wazazi huuliza: shahada ya tatu ya nini, na ataanza lini kuwasaidia wadogo zake? Swali hilo ni la haki, na kijana asilione kuwa ni ujinga. Alijibu kwa hesabu: mahali gani atalipwa, kiasi gani kitabaki, mkopo wa Bodi ya Mikopo ataurejesha vipi, maana haufutiki kwa mtu kusafiri, na baada ya miaka minne anategemea kufanya nini. Mzazi naye asimfunge mtoto kwa ahadi aliyoitoa kwa ndugu bila kumwuliza. Mazungumzo hayo yafanyike wakati wa likizo, kabla ya maombi kutumwa, si baada ya viza kugongwa.

Kwa atakayebisha hodi milango yote minane bila kukaribishwa, tunasema hivi: mwaka mmoja si mwisho wa njia. Awaombe waliomkataa wamweleze palipopungua. Wachache watajibu, na majibu yao yana thamani. Atafute kazi ya usaidizi wa utafiti, hata ya mkataba mfupi, katika vituo vilivyo karibu nasi kama vile NIMR au vituo vya utafiti wa kilimo, kwa kuwa miezi kumi na miwili ya kukusanya na kutunza takwimu humfanya mwombaji wa mwaka unaofuata kuwa mtu mwingine. Aisome upya kila barua aliyotuma, na abaki na zile mbili au tatu zilizokuwa za kweli zaidi, aanzie hapo.

Tunawaomba walimu na wasomi waliomo katika parokia zetu watenge saa chache katika likizo ijayo kuwasomea vijana hawa barua zao kabla hazijatumwa. Kijana wa Mkumbara asiye na ndugu aliyewahi kufika chuo hana wa kumwuliza kama barua yake inasomeka, na jicho la pili huweza kumwonyesha jambo dogo litakalomfungulia mlango. Tunawatakia wote wanaoomba mwaka huu moyo wa subira na neema ya kusema kweli.